SOMO LA BIASHARA: Uchakavu wa plastiki katika hesabu ya bwawa la samaki

Somo la wiki hii linawahusu wafugaji wa samaki wa Songea na wilaya jirani, wachuuzi wanaonunua samaki hao bwawani, na mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka akiba yake katika ufugaji huo. Mada yetu ni chembe ndogo za plastiki zinazoingia katika samaki wa kufugwa.

Msomaji anaweza kudhani kuwa jambo hili ni la wanasayansi na halina nafasi katika ukurasa wa masoko. Tutaonyesha kuwa nafasi yake ipo, na kwamba linaanzia kwenye neno ambalo kila aliyesoma uwekaji wa hesabu analijua: uchakavu. Mhasibu anapoandika kuwa kifaa kimechakaa kwa shilingi kadhaa mwaka huu, anahesabu thamani iliyopotea. Kifaa kikiwa cha plastiki na kikiwa ndani ya bwawa, kilichopotea ni zaidi ya thamani. Ni plastiki yenyewe, na imeingia majini.

CHEMBE HIZI NI NINI

Neno mikroplastiki lilienea baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake. Leo neno hilo hutumika kwa kipande chochote cha plastiki chenye ukubwa chini ya milimita 5, yaani kifupi kuliko punje ya mchele. Vingi ni vidogo zaidi ya hapo na havionekani kwa macho.

Chembe hizi zina asili mbili. Baadhi hutengenezwa zikiwa ndogo tangu kiwandani. Nyingine, na ndizo zinazomhusu zaidi mfugaji wetu, hutokana na vitu vikubwa vilivyochakaa: mfuko, wavu, kamba, nailoni, nguo ya poliesta. Jua huikausha plastiki na kuifanya iwe ngumu na yenye nyufa. Kisha maji, upepo na mikono huibandua kidogo kidogo. Mti ukioza hugeuka udongo. Plastiki ikivunjika hubaki plastiki, ila ndogo zaidi, na sasa inaenea mdomoni mwa samaki.

WALICHOKUTA MWANZA

Kipimo kinachojulikana sana katika maziwa yetu makuu kilifanywa kwa samaki wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2016. Watafiti, miongoni mwao Fares Biginagwa, Bahati Mayoma na Farhan Khan, walinunua sangara 20 na sato 20 sokoni, wakapasua matumbo na kuchunguza yaliyomo. Katika sangara 11 na sato 7 waliona vipande walivyovishuku kuwa plastiki. Vipande vilipopimwa kwa mashine ya miali ya infraredi, plastiki ilithibitishwa katika samaki 4 kati ya 20 kwa kila aina, yaani asilimia 20.

Mfanyabiashara ajifunze mambo mawili hapo. La kwanza, kushuku na kuthibitisha ni vitu tofauti. Anayesema ameona plastiki kwa macho bado hajapima. La pili, aina za plastiki zilizotambuliwa, zikiwamo polithini, poliesta na mpira wa silikoni, zililingana na taka na matumizi ya kawaida ya watu wa mjini. Hazikuhitaji kiwanda kikubwa cha kemikali ili ziingie ziwani. Watu, mifuko yao na nguo zao walitosha.

Mwaka 2020 watafiti wa Uganda walieleza kuwapo kwa chembe hizo katika maji ya juu ya Ziwa Victoria upande wao. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulizikuta katika kombe na mchanga wa fukwe za bahari ya Tanzania.

Ziwa na bahari ni mali ya wote, na mvuvi mmoja hawezi kuzuia taka za mji mzima. Bwawa ni jambo jingine. Lina mwenyewe, lina mlango wa maji kuingia na mlango wa maji kutoka, na karibu kila kitu kilichomo kimepita katika mfereji wake au mkononi mwake. Kwa hiyo mfugaji ana uwezo ambao mvuvi hana. Uwezo huo ni mtaji, kama atautumia.

NJIA NNE ZA KUINGIA BWAWANI

Songea ina mazingira mazuri kwa ufugaji huu. Kuna mabonde yenye maji, kuna pumba nyingi kwa kuwa Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na kuna Kituo cha Ruhila cha ukuzaji viumbe maji, ambacho ni cha serikali na hutoa vifaranga na mafunzo. Upande wa pili, mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai maji hupoa, sato hula kidogo na hukua polepole. Samaki anayechelewa kukua hukaa bwawani muda mrefu zaidi, na vifaa vinavyomhudumia huchakaa muda huo wote.

Njia ya kwanza ni kiroba cha samadi. Wafugaji wengi hurutubisha maji kwa kujaza samadi katika kiroba cha salfeti, kukitoboa matundu na kukiacha kwenye kona ya bwawa. Samadi huyeyuka, maji hugeuka ya kijani, na samaki hupata chakula cha asili. Utaratibu wa kurutubisha ni sahihi. Tatizo ni chombo. Salfeti hufumwa kwa nyuzi za plastiki, na isipotiwa dawa ya kuhimili jua, nyuzi hizo huanza kukatika baada ya miezi michache tu. Nusu ya kiroba iko juani, nusu iko majini, na kila anapokigeuza mfugaji humwaga nyuzi.

Njia ya pili ni chakula. Pumba na mashudu hufika katika viroba vilivyoshonwa kwa uzi wa plastiki. Mtu mwenye haraka hukata mdomo wa kiroba kwa kisu, na vipande vya uzi huangukia ndani ya chakula. Kiroba kikitumika mara ya tano au ya sita, huwa kinapukutika chenyewe. Dagaa wanaosagwa kwa ajili ya kuongeza protini nao wana historia yao. Husagwa wazima pamoja na matumbo, na mara nyingi huwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu au nailoni. Nchini Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima unga wa samaki wa madukani pamoja na samaki aina ya kapu waliolishwa unga huo. Plastiki ilikutwa katika vyote viwili, na unga uliokuwa na chembe nyingi uliendana na samaki wenye chembe nyingi. Mwaka 2021 watafiti wengine walipima unga wa samaki kutoka nchi 11 na kuthibitisha kuwa tatizo limeenea katika biashara ya dunia.

Njia ya tatu ni nailoni ya kutandika bwawani. Penye udongo wa kichanga unaovujisha maji, mfugaji hununua nailoni nyeusi ya ujenzi kwa sababu ni rahisi. Sehemu iliyofunikwa na maji hudumu kiasi. Ukingo ulio juani huchanika, na kila mvua huyasukumia majini mabaki yake.

Njia ya nne ni maji yenyewe na nyavu. Mfereji unaopita chini ya makazi, gereji au jalala hubeba vipande vya mifuko. Kijito ambamo watu hufulia hubeba nyuzi za poliesta, kwa kuwa nguo nyingi za siku hizi, za dukani na za mitumba, zina poliesta ndani yake. Kokoro la kuvulia na wavu wa kuzuia ndege, vikizeeka, navyo hupukutika.

HESABU YA KIROBA KIMOJA

Tuchukue kiroba chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 100. Pande zake mbili zina eneo la meta za mraba 1.2, sawa na milimita za mraba 1,200,000. Tuseme sehemu moja tu kati ya kumi imepukutika kwa vipande vya milimita 1 kwa 1. Hivyo ni vipande 120,000. Bwawa likiwa na samaki 900, kila samaki ana fungu la vipande 133 kutoka kiroba kimoja.

Samaki hawatakula vyote. Vingine vitaelea, vingine vitazama katika tope, na vingi vitakavyomezwa vitatoka kwa njia ya kawaida. Lakini tope la bwawa halitupwi kila mwaka, na sato hupenda kuchokonoa chini. Kilichozama msimu huu kinaweza kuliwa msimu ujao. Kwa lugha ya hesabu, hilo ni deni linalohamishwa kwenda mwaka unaofuata.

Sasa tulinganishe gharama. Badala ya kiroba, mfugaji anaweza kutengeneza kichanja cha fito au mianzi kwenye kona ya bwawa na kuweka samadi humo. Fito hupatikana, kazi ni ya nusu siku, na zikioza hugeuka mbolea. Kiroba kikuukuu kinaonekana cha bure, lakini uchakavu wake unalipwa bwawani.

HESABU YA NAILONI

Tarakimu zinazofuata ni za kufundishia. Msomaji aweke bei za duka lake mahali pake.

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15, yaani meta za mraba 300, lenye samaki 3 kwa kila meta ya mraba. Hao ni 900. Wakipona asilimia 80, watavunwa 720. Kila mmoja akiwa na gramu 250, mavuno ni kilo 180. Kwa bei ya shilingi 10,000 kwa kilo, mauzo ni shilingi 1,800,000. Tuseme gharama zote za vifaranga, chakula na kazi ni shilingi 1,350,000. Faida ni shilingi 450,000 kwa mavuno. Kama mavuno huchukua miezi 8, kwa mwaka mfugaji anapata mavuno moja na nusu, na faida ya shilingi 675,000. Bwawa hili ni la udongo, halina nailoni.

Sasa litandikwe. Pamoja na kuta na kingo tunahitaji meta za mraba 400. Nailoni nyepesi kwa shilingi 1,500 kwa meta ya mraba inagharimu shilingi 600,000, na tuseme inadumu mwaka mmoja. Uchakavu ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Kama fedha ni ya mkopo wa riba ya asilimia 18, na tukichukua nusu ya thamani kama wastani wa mtaji uliofungwa, riba ni shilingi 54,000. Jumla ni shilingi 654,000.

Turubai zito lililotengenezwa kwa ajili ya mabwawa, lenye dawa ya kuhimili jua, tuseme ni shilingi 9,000 kwa meta ya mraba na linadumu miaka 10. Bei yake ni shilingi 3,600,000, uchakavu ni shilingi 360,000 kwa mwaka, na riba kwa njia ileile ni shilingi 324,000. Jumla ni shilingi 684,000.

Wengi wataangalia bei ya dukani na kusema nailoni nyepesi ni rahisi mara sita. Hesabu ya mwaka inaonyesha tofauti ni shilingi 30,000 tu. Kazi ya kukausha bwawa, kuondoa nailoni iliyochanika na kutandika nyingine kila mwaka itaimeza tofauti hiyo mapema. Na ikipukutika asilimia 1 tu ya zile meta za mraba 400, hizo ni meta 4, sawa na vipande milioni 4 vya milimita 1 kwa 1. Turubai zito nalo huchakaa, lakini polepole.

Jambo kubwa zaidi liko kwenye mstari wa mwisho. Faida ya mwaka ya bwawa letu ni shilingi 675,000. Nailoni nyepesi inaibakizia shilingi 21,000. Turubai zito linaigeuza kuwa hasara ya shilingi 9,000. Maana yake ni kwamba bwawa dogo lenye samaki wachache halina uwezo wa kubeba plastiki ya aina yoyote, labda mfugaji aongeze sana idadi ya samaki, jambo linalodai chakula bora, maji mengi na hewa ya kutosha. Kwa mwenye mtaji mdogo, uamuzi wa kwanza wa kibiashara ni kuchagua mahali. Atafute bonde lenye udongo wa mfinyanzi, aushindilie vizuri, na aepuke kununua kile ambacho ardhi inaweza kumpa.

AFYA YA MLAJI

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 2017 ripoti pana kuhusu chembe hizi katika uvuvi na ufugaji wa viumbe maji. Ilikadiria kuwa mlo wa gramu 225 wa kome wa baharini wenye plastiki nyingi ungempa mlaji maikrogramu 7 za plastiki, kiasi kidogo sana, na kwamba kemikali zinazobebwa humo ni sehemu ndogo mno ya zile anazopata kwa chakula chake chote. Shirika la Afya Duniani liliangalia tena suala hili mwaka 2022 na kusema ushahidi uliopo kuhusu madhara kwa binadamu hautoshi kutoa uamuzi, huku likihimiza plastiki ipunguzwe katika mazingira.

Mwaka 2024 madaktari wa Italia waliwaeleza wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo. Zaidi ya nusu walikuwa na chembe za plastiki katika mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa, na hao walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo ulionyesha kuwa mambo hayo mawili yameandamana. Haukuthibitisha kuwa moja ndilo lililosababisha jingine, wala haukusema plastiki ilitoka kwenye samaki.

Kwa mnunuzi wa sato, jambo la kujua ni hili: chembe nyingi hukaa tumboni, na tumbo hutupwa wakati wa kuparua. Samaki mkubwa aliyetolewa matumbo vizuri ana chembe chache kuliko samaki mdogo anayeliwa mzima. Samaki bado ni chakula bora, na hakuna sababu ya kumwogopesha mlaji.

Samaki mwenyewe ana la kupoteza pia. Katika majaribio ya maabara, samaki wachanga waliopewa chembe nyingi wameonekana kula kidogo au kukua polepole. Viwango vya majaribio mara nyingi ni vikubwa kuliko vya majini, lakini mfugaji ambaye nusu au zaidi ya gharama zake ni chakula hana haja ya kujaza tumbo la kifaranga kwa kitu kisichonenepesha.

SOKO HALISUBIRI USHAHIDI

Wafanyabiashara wa samaki wa Kanda ya Ziwa walilipata fundisho hili kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi za Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 vikwazo vilirudi kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu. Minofu ya sangara ilikosa soko, na aliyekuwa msafi aliumia sawa na aliyekuwa mchafu, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hakuweza kuwatofautisha. Soko lilifunguka baada ya nchi kuonyesha mifumo ya ukaguzi inayoaminika.

Samaki wa bwawani Songea hawaendi Ulaya. Wanauzwa kwa jirani, kwa mama lishe, kwa hoteli na shule, wakishindana na samaki wa Ziwa Nyasa wanaopitia Mbamba Bay. Lakini kanuni ni ileile. Tuirudie hesabu yetu: mauzo shilingi 1,800,000, faida shilingi 450,000. Ikitokea tetesi kwamba samaki wa mabwawa wana plastiki, na bei ikashuka kwa asilimia 10 tu, mauzo yanapungua kwa shilingi 180,000. Gharama haziwezi kupungua, kwa sababu chakula kimekwisha kuliwa. Faida inabaki shilingi 270,000. Bei imeshuka kwa asilimia 10, faida imeshuka kwa asilimia 40. Mwenye faida nyembamba ndiye anayepaswa kuogopa tetesi kuliko wote.

Kinga yake ni kuweza kumwonyesha mnunuzi jinsi anavyofuga. Hapa tunatoa tahadhari. Mfugaji asiseme "samaki wangu hawana plastiki kabisa." Hawezi kulithibitisha bila maabara, na siku moja mtu atapima. Aseme anachokifanya: samadi iko kwenye kichanja, chakula kinachekechwa, mfereji una chujio. Mnunuzi akija atayaona kwa macho yake.

SHERIA INAISHIA WAPI

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019. Kenya ilikuwa imefanya hivyo Agosti 2017, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Marufuku hiyo iliondoa mifuko ya rambo mikononi mwa wachuuzi, na ni hatua kubwa. Lakini kanuni zake ziliacha nje vifungashio vinavyotumika katika kilimo, ujenzi, viwanda na usindikaji wa chakula. Kiroba cha pumba na nailoni ya kutandika ni halali kama zamani.

Kimataifa, nchi zilikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano. Kwa hiyo mfugaji asingoje sheria imsukume. Atakayekuwa amejipanga siku sheria itakapokuja hatalazimika kubadili vifaa vyote kwa mkupuo.

LA KUFANYA KWA GHARAMA NDOGO

1. Ondoa kiroba cha samadi bwawani. Weka kichanja cha fito au mianzi.

2. Fungua viroba vya chakula kwa kufumua uzi. Usikate kwa kisu. Uzi wote uingie kwenye debe la taka.

3. Hifadhi chakula kivulini, juu ya chaga, na usitumie kiroba kilichoanza kupukutika. Pipa lenye mfuniko ni bora, kwa kuwa huzuia panya pia.

4. Chekecha pumba na dagaa waliosagwa kabla ya kulisha. Chekecheke haitakamata chembe ndogo kabisa, lakini itakamata nyuzi na vipande ambavyo kesho vingekuwa chembe hizo.

5. Weka chujio kwenye mlango wa maji na kisafishe kila siku. Kabla maji hayajaingia bwawani, yapitishe katika kishimo cha kutulia, ili tope na taka zizame huko.

6. Kubaliana na majirani kuhusu mahali pa kufulia na pa kutupa taka juu ya mfereji. Mazungumzo hayo hayana gharama.

7. Kama nailoni imeshatandikwa, funika ukingo wake kwa udongo na nyasi ili usipigwe na jua.

8. Usiwalishe samaki siku moja kabla ya kuvua. Matumbo yatakuwa yamepungua uchafu, na samaki watastahimili safari vizuri zaidi.

9. Toa matumbo kabla ya kuuza, kwa mnunuzi anayependa hivyo, na usiyarudishe matumbo hayo katika chakula cha samaki.

10. Unapokausha bwawa, ondoa tope la juu na uokote plastiki yote inayoonekana. Usiichome kando ya bwawa.

MASWALI YA MWEKEZAJI

Anayetaka kuweka fedha katika bwawa la mwingine aulize haya kabla ya kutoa hata shilingi. Maji yanatoka wapi, na yamepita wapi? Chakula kinanunuliwa kwa nani, na kinatunzwa katika nini? Bwawa ni la udongo au limetandikwa, na kama limetandikwa, nailoni hiyo ilinunuliwa lini? Daftari linaonyesha uchakavu, au linaonyesha manunuzi tu? Mfugaji asiyeandika uchakavu atakuonyesha faida kubwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili atakuomba fedha ya nailoni mpya.

ZOEZI

Chukua karatasi na uigawe safu nne. Safu ya kwanza, andika kila kifaa cha plastiki kilichopo bwawani kwako au ghalani: viroba, kamba, nyavu, ndoo, nailoni, mabomba. Safu ya pili, andika tarehe ya kununua na bei. Safu ya tatu, gawa bei kwa miaka au miezi ambayo kifaa kitadumu. Huo ni uchakavu wa fedha. Safu ya nne, andika mahali inapokwenda sehemu iliyochakaa: majini, ardhini, au kwenye debe la taka.

Anza kubadilisha vile ambavyo safu ya nne inasema majini na safu ya tatu inaonyesha uchakavu mkubwa. Mara nyingi vitakuwa viwili au vitatu tu, na kimoja kitakuwa kiroba cha samadi. Mfugaji mwenye swali kuhusu udongo wa eneo lake au urutubishaji wa maji aende Kituo cha Ruhila au amwone ofisa uvuvi wa halmashauri yake, akiwa na karatasi hiyo mkononi.